Barua kwa dada yangu Lamu kuhusu kusahau kwa Shee

Leicester, Uingereza

Kwa dada yangu mpenzi Mwanaisha,

Assalaam alaykum. Mimi sijambo, nami nakuomba uniamkie mama na majirani wote wa Langoni.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umesema kwamba Jumamosi Shee aliisoma Suratul-Fiil mbele yako bila kukwama, na Alhamisi kwenye chuo cha Kurani akashindwa kuivuka aya ya pili, hata mwalimu akamchapa kwa uvivu. Dada, mtoto huyo si mvivu. Katika darasa ninalosaidia kufundisha hapa yupo msichana wa miaka 9 mwenye kifafa kama yeye, naye husahau vivyo hivyo. Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, pana sehemu inayopokea mambo mapya na kuyahifadhi. Kifafa kikianzia hapo, mtoto huweza kujifunza sawa na wenzake, kisha alichojifunza kikampotea baada ya siku chache.

Lililonikaa moyoni zaidi ni lile ulilolitaja kwa kupita tu, kwamba asubuhi mbili umekuta doa la damu kwenye mto wake, na ulimi umeng'atwa. Huenda kifafa humshika usiku, nyote mmelala, na usingizi ndio wakati ambao ubongo huyatia nguvu yaliyosomwa mchana. Mweleze daktari jambo hilo kabla ya jingine lolote. Mwambie pia kwamba mezani huduwaa kidogo, kijiko kikiwa hewani, asisikie akiitwa. Akiduwaa hivyo darasani, neno la mwalimu huwa halikumfikia kabisa, na lisilofika haliwezi kukumbukwa.

Fenobabitoni, hiyo dawa yake ya kifafa, nayo huweza kuwafanya baadhi ya watoto wawe wazito wa kufikiri. Muulize daktari kama ipo dawa nyingine inayomfaa, lakini tafadhali usimkatishe ghafla, kwa kuwa mishtuko ya kifafa inaweza kufuatana bila kukoma na kuhatarisha maisha yake. Kombe la mama, yale maji ya aya za Kurani, silikatai, mradi vidonge visiachwe hata siku moja.

Chuoni, apewe aya moja moja, na ya jana irudiwe kila siku kabla ya mpya. Mwalimu nitampigia mwenyewe Ijumaa baada ya sala. Wewe, Shee akiduwaa tena, mrekodi kwa simu, daktari aone kwa macho yake, kisha nijulishe tarehe ya kliniki ili nitume nauli mapema.

Mdogo wako akupendaye,
Athman