Tusiimwagie maji michoro ya Kolo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mwenendo wa baadhi yetu tunaotoka Dodoma mjini kwenda Kolo, wilayani Kondoa, kwa matembezi ya siku moja. Hivi karibuni mimi na rafiki zangu tulifuata korongo la mchanga chini ya vilima, kisha tukapanda njia ya mawe hadi Mongomi, ambako mwamba umechorwa watu warefu wembamba na wanyama kwa rangi nyekundu. Kundi lililotutangulia lilikuwa likiumwagia mwamba maji ya chupa ili picha za simu zitoke vizuri, huku mmoja wao akiusugua kwa kiganja. Ni kweli kwamba mwamba ukilowa rangi hukolea kwa muda, lakini maji yakikauka huacha chumvi inayofunika michoro kwa utando mweupe, na kusugua huiondoa rangi yenyewe. Michoro hiyo imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006, na wenyeji bado hufanya matambiko mahali hapo. Sidhani kama vijana wale wangethubutu kusugua ukuta wa msikiti au wa kanisa. Chupa zao, bila shaka, tulizikuta korongoni wakati wa kushuka.

Naziomba mamlaka zinazohusika ziweke bango la Kiswahili pale njia inapoanza kupanda, na waongoza wageni wapewe idhini ya kumrudisha chini yeyote atakayegusa mwamba.

Msomaji wako,
Dodoma