Begi Mliloniuzia Haliwezi Kuwa Begi na Paa Saa Ile Ile

Dodoma,
12 Februari 2025.

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Kampuni iliyoniuzia begi la safari la "tatu kwa moja".

YAH: MALALAMIKO KUHUSU BEGI LINALOGEUKA KOTI LA MVUA NA HEMA

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 9 Desemba nilinunua kwenu begi la mgongoni la lita 50, rangi ya kijani, kwa shilingi 365,000. Nililipa kwa simu, likanifikia Dodoma kwa basi siku mbili baadaye. Nakala ya risiti nimeiambatanisha. Tangu katikati ya Januari nimewatumia ujumbe mara tatu, na mara zote tatu nimejibiwa sentensi ile ile: unyevu uliouona ndani umetokana na pumzi ya mtumiaji. Nimeamua kuandika barua kamili ili jambo hili lisomwe lote kwa pamoja, na lisomwe na mtu mwenye mamlaka ya kuamua.

Kazi yangu ni ufugaji wa nyuki. Nina mizinga 46 katika mapori ya upande wa vilima vya Chenene, kaskazini mwa mji. Kuizungukia yote kunachukua siku tatu, na usiku nalala huko huko, kwa kuwa mvua zikishaanza hata pikipiki huishia kwenye korongo la kwanza. Miaka yote nimekwenda na shanta la kawaida, turubai la bluu na koti la mvua la plastiki. Vitu vitatu. Turubai peke yake likilowa ni mzigo wa punda.

Kwa hiyo tangazo lenu lilinigusa pale pale panaponiuma. Mlisema mchana nitalibeba kama begi. Mvua ikinyesha nitavuta kofia yake na kipande cha nyuma, linifunike mimi na mzigo. Jioni nitafungua zipu ndefu ya ubavuni na litakuwa paa la watu wawili. Uzito kilo 1.9 tu. Mkamalizia kwa kusema, "Masika au vuli, utalala mkavu."

Hapa kwetu hatuna masika na vuli. Tuna msimu mmoja, Desemba hivi hadi Aprili, na mvua ya mwaka mzima huwa kati ya milimita 500 na 600. Mtu wa Bukoba anaweza kuiona ndogo. Lakini ya kwetu huja kwa hasira: unaanza upepo, vumbi linapanda, halafu yanashuka maji ya kupiga ubavuni kwa saa moja au mbili, juu ya ardhi iliyokauka miezi saba ambayo haiwahi kuyanywa. Anayeuza kifaa cha mvua Tanzania nzima anapaswa kuijua na hiyo.

Tarehe 14 Januari niliondoka na mdogo wangu, aliyemaliza kidato cha nne. Tulishuka kwenye gari baada ya Mayamaya, tukaingia porini kwa miguu. Begi lenu lilikuwa na kilo 14, chini ya kilo 18 mlizoandika kwenye lebo: bomba la moshi la kutulizia nyuki, mavazi ya nyuki na wavu wa uso, kilo tatu za nta ya kupaka mizinga mipya ili harufu yake ivute makundi, sufuria, unga, dagaa, blanketi moja, na daftari langu.

Mvua ilitukuta mchana tukiwa kwenye mteremko. Nilivuta kofia kama mlivyoelekeza, na kwa haki niseme kwamba nusu saa ya kwanza koti lilifanya kazi. Baadaye nikaanza kusikia baridi mabegani, mistari miwili, kulia na kushoto. Nilidhani ni jasho, nikaendelea kutembea.

Jioni ilipofika mvua ilikuwa bado inanyesha, na hapo ndipo lilipo lalamiko langu kubwa, kubwa kuliko hata la kuvuja. Ili begi ligeuke paa ni lazima kwanza litolewe kila kitu. Maelekezo yenu yanasema vitu vihamishiwe kwenye mfuko wa ndani. Mfuko huo ni wa wavu! Basi nilisimama kwenye mvua nikitoa blanketi, unga, nta na daftari, navitia kwenye wavu, huku mdogo wangu ameshika pembe za kitambaa na upepo unamnyang'anya. Kufungua zipu, kupachika vijiti, kupigilia vigingi na kukaza kamba kulituchukua kama dakika kumi. Paa liliposimama, hakukuwa na kitu kikavu cha kuweka chini yake.

Ndugu Meneja, naomba ulifikirie hili kwa utulivu. Kubeba, kujifunika na kujikinga ni kazi tatu, na mvua inapokuja zote zinatakiwa saa ile ile. Shanta la zamani na turubai la bluu vilinichosha, lakini nilikuwa natandaza turubai kwanza, nikaingia chini yake, ndipo nikafungua shanta. Mzigo haukuonja tone. Kwa begi lenu mpangilio huo hauwezekani, hata kama kitambaa kingekuwa kipya na mishono ingekuwa mizima. Tatizo limo kwenye wazo lenyewe, na katika tangazo lote hamkumwambia mnunuzi neno hata moja juu yake.

Wazo la kitambaa kimoja chenye kazi nyingi silipingi. Jeshi la Ujerumani mwaka 1931 lilianza kutumia kitambaa cha pembe tatu ambacho askari alikivaa kujikinga na mvua, na askari wanne wakiunganisha vya kwao walipata hema la kulala wote. Wasovieti nao walikuwa na chao cha mraba, cha namna hiyo hiyo. Lakini koti na hema ndivyo walivyoviunganisha. Vitu vyake askari alivibeba kwenye shanta, na shanta lilibaki shanta usiku kucha. Wala si lazima twende mbali hivyo. Mama yangu akisafiri na mjukuu hutoka na doti nzima ya khanga: moja imembeba mtoto, ya pili inamfunika. Mvua ikija hamfungui mtoto mgongoni ili apate cha kujifunika.

Sasa nije kwenye kuvuja. Tulilala chini ya paa lenu kwa muda usiozidi saa moja. Maji yalidondoka kwa mistari miwili, sawasawa na mahali mikanda ya mabegani ilikoshonwa, na mistari hiyo iko katikati ya paa, yaani juu ya vifua vya waliolala. Mdogo wangu alianza kutetemeka. Blanketi lilikuwa limelowa, kuni zimelowa. Tulikaa tumeegemeana migongo hadi alfajiri, nikimsemesha asisinzie kwa sababu niliogopa. Yeye ni mtoto wa mwisho kwetu na mimi ndiye niliyemwomba kwa mama. Usiku ule siwezi kuuandika kwenye fomu yenu ya malalamiko penye nafasi ya "hasara iliyotokea".

Asubuhi unga ulikuwa uji. Nta haikudhurika, maji hayaiwezi. Daftari ndilo lililokwisha. Lilikuwa na miaka sita ya kazi: mzinga gani uliingia kundi na mwezi gani, upi ulihamwa na kwa nini, siafu walishambulia wapi, miti ipi ilichanua mapema mwaka wa ukame, kilo ngapi zilitoka kila mzinga. Niliandika kwa kalamu ya wino, na wino wote umegeuka wingu la bluu. Kurasa kama kumi na moja zinasomeka. Zilizobaki nimezianika nyumbani na sijapata moyo wa kuzitupa.

Niliporudi nilitaka kujua ukweli kabla ya kuwalaumu. Nilikitandaza kitambaa juu ya sufuria, nikakibonyeza kiwe kama bakuli, nikamimina lita mbili za maji na kuyaacha usiku kucha. Sehemu isiyo na mshono haikupitisha hata tone, na kwa hilo nawapa haki yenu. Nikafanya hivyo hivyo kwenye mshono wa mkanda wa kulia. Kabla sijamaliza kumimina, maji yalikuwa yanachuruzika kwenye sufuria.

Nikalipeleka kwa fundi cherehani wangu wa Majengo, mtu aliyeshona mabegi na viti vya magari tangu nikiwa shule ya msingi. Alilipindua nje ndani, akalipitia kwa vidole, akanionyesha. Mishono ya kingoni imezibwa kwa utepe wa plastiki uliobandikwa kwa moto. Mishono ya mikanda haina utepe wowote, uzi mtupu. Kila sindano ilipopita imeacha tundu, na mzigo wa kilo 14 ukivuta kwa kila hatua, tundu linapanuka. Nilipoliinua begi kuelekea jua niliyaona kwa macho yangu, matundu yamekuwa marefu kama punje za mchele, yote yameelekea upande ambao mzigo ulikuwa unavutia.

Mnaona basi kilichotokea. Mkanda wa kubebea umeshonwa kwenye kitambaa ambacho usiku ndicho paa. Kwa hiyo kadiri begi linavyofanya kazi ya kubeba, ndivyo linavyoharibu kazi ya kukinga. Sikulitumia vibaya. Nililibeba, kama begi linavyobebwa.

Lebo yenu inasema kitambaa kinahimili milimita 3,000. Wanunuzi wengi hawajui maana yake, na tangazo halikueleza. Maana yake ni kwamba maji yakisimamishwa juu ya kitambaa kwa kimo cha mita tatu, ndipo yataanza kupenya. Ni kipimo kizuri, na kwa kitambaa naamini ni cha kweli. Lakini kinapimwa kwenye kipande kizima, kisichopitiwa na sindano. Kumwandikia mteja namba hiyo kwenye begi lenye matundu yasiyozibwa ni kumwambia jambo la kweli ili aamini lisilo kweli.

Na kuhusu pumzi. Naijua. Kitambaa kilichopakwa poliurethani kikizuia maji huzuia na mvuke. Watu wakipumua chini yake, mvuke hugusa kitambaa cha baridi na kuwa matone. Nimelala chini ya turubai miaka mingi, nayafahamu matone hayo. Hutanda paa zima kama umande. Hayajipangi mistari miwili kufuata mishono ya mikanda. Aliyenijibu angeziangalia picha nne nilizotuma angeliona hilo, lakini majibu yake matatu yanafanana hadi nukta, na hata moja halitaji picha.

Ninachoomba ni hiki. Nirudishiwe shilingi 365,000 zote. Sitaki kubadilishiwa begi, maana jipya nalo limeshonwa vile vile. Thamani ya daftari siidai kwa kuwa hakuna anayeweza kuilipa, lakini nataka barua yenu ya majibu ikiri kwamba mishono ya mikanda haikuzibwa. Pia mlirekebishe tangazo: mwandike wazi kwamba begi haliwezi kugeuzwa paa likiwa na mzigo, na mwondoe maneno "utalala mkavu" hadi mishono itakapozibwa. Na walionunua kabla yangu muwatumie ujumbe. Namba zao mnazo, kwa sababu sote tulilipa kwa simu. Msimu wa mvua haujaisha, na wapo watakaolibeba kwenda Hanang au Udzungwa wakiamini wana hema mgongoni. Milimani baridi ni kali kuliko ya Chenene. Mimi nilikuwa na mdogo wangu, na sisi tunalijua pori lile. Mwingine atakuwa peke yake, mgeni.

Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita bila jibu nitaipeleka pamoja na picha, risiti na maelezo ya fundi kwenye Tume ya Ushindani, kwa sababu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi. Ningependa tusifike huko. Kitambaa chenu ni kizuri, zipu ni imara, na aliyelishona anajua kazi yake. Mkitenganisha mikanda na paa, mkaweka mfuko wa ndani wa kitambaa kisichopitisha maji badala ya wavu, mtakuwa na kitu ambacho wafuga nyuki, wachungaji na wapima ardhi wa mkoa huu watakinunua, na mimi nitakuwa wa kwanza kuwaambia.

Begi liko nyumbani kwangu. Sijalifua wala kulishona popote, na fundi hakufumua kitu. Kwenye kona ya chini kuna kipande cha nta kimegandia ndani. Nikipata maelekezo yenu nitalipeleka stendi siku hiyo hiyo, nauli ya kulisafirisha ikiwa juu yenu.

Wenu,
Mteja wa Dodoma
(jina na namba ya simu vipo kwenye risiti)