YAH: MALALAMIKO KUHUSU MATENGENEZO YA OTOPAILOTI YA NDEGE YANGU

Raskazone,
Tanga.

Meneja,
Karakana ya Vyombo vya Ndege,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Mimi ni mmiliki na rubani wa ile Cessna 182 ya mwaka 1976 iliyokaa kwenu siku kumi na tisa mwezi uliopita. Niliileta kwa ugonjwa mmoja: nikiwasha otopailoti, yaani mfumo unaoishika ndege badala ya rubani, ndege inayumba kushoto na kulia kama ngalawa iliyokutwa na kusi. Mkanirudishia na ankara ya shilingi 6,840,000, na kwenye daftari la ndege mkaandika kuwa mfumo umekarabatiwa, umejaribiwa na unafanya kazi.

Haukufanya kazi. Na safari ya kuirudisha nyumbani nilikuwa na mke wangu pembeni.

Tulikuwa tumeshaipita Saadani, futi 4,500, ukungu mweupe umetanda kuelekea Pangani. Otopailoti nilikuwa nimeiwasha mimi mwenyewe, kwa kuamini maandishi yenu. Ndege ikaanza kulalia kulia polepole, taratibu mno hata mwilini usiisikie. Upeo bandia mbele yangu, chombo kinachoonyesha ndege imelala kiasi gani, ulionyesha mabawa yako sawa kabisa. Mke wangu ndiye aliyeniuliza mbona bahari imepanda dirishani kwake. Nikatazama kipima-kona, chombo kinachoonyesha ndege inageukia upande gani, kinasema tunakata kulia. Nikatazama nje, ufukwe umeinama. Nikabonyeza kitufe cha kuzima kilichoko kwenye usukani, nikainyoosha ndege kwa mkono na kuishika hivyo hadi Tanga. Mchana ule ufukwe ulikuwepo wa kuutazama. Ningekuwa ndani ya wingu, ningebaki na vyombo viwili vinavyobishana, na kimoja kati yake ndicho kilichokuwa kimeshika usukani.

Nyinyi ni mafundi, mnajua kuliko mimi kwa nini ilitokea hivyo. Otopailoti hii ni ya zamani, haina macho yake yenyewe. Habari ya mabawa inaipata kwenye jairo, gurudumu dogo linalozunguka kwa kasi ndani ya upeo bandia, ile inayozungushwa na hewa inayovutwa na pampu ya injini. Jairo ikiinama, otopailoti inainamisha ndege nzima ili jairo ionekane imekaa sawa. Inatii tu. Sasa mgonjwa wa namna hii anaanza kupimwa wapi? Mlianza kwa kubadilisha sevo ya mabawa, ile mota ambayo otopailoti huilaza ndege kwayo. Kuyumba kulipobaki, mkaipeleka kompyuta ya otopailoti kufanyiwa ukarabati. Jairo hakuna aliyeigusa. Haimo kwenye kadi ya kazi, haimo kwenye ankara, haimo popote.

Kipimo cha kwanza hakigharimu hata shilingi. Unaruka, unazima otopailoti, unashika ndege kwa mkono huku mabawa yakiwa sawa na upeo wa kweli, kisha unautazama upeo bandia. Ukiuona unacheza au unainama wenyewe, ugonjwa uko humo, na hakuna sevo itakayouponya. Ukitulia, hapo ndipo unapoanza kutafuta kwenye sevo, klachi yake na kebo inayoishika eleroni, kile kibao cha nyuma ya bawa kinachoilaza ndege, kwa sababu kebo iliyolegea nayo huyumbisha ndege vilevile. Kwenye karatasi zenu sikuona kipimo cha mkazo wa kebo hiyo, ingawa sevo ilifunguliwa na kufungwa upya. Wala hamkuirusha ndege. Saa ya injini ilisoma vilevile siku ninaileta na siku ninaichukua. Neno “umejaribiwa” liliandikwa na mtu ambaye hakuondoka ardhini.

Mhandisi mwenye leseni anayeihudumia ndege yangu hapa Tanga alitumia asubuhi moja. Aliwasha injini, akatazama geji ya uvutaji hewa: inchi 5 za zebaki, na kitabu cha ndege kinataka kati ya 4.6 na 5.4. Pampu ni nzima. Akazima injini, akaniashiria ninyamaze, tukasikiliza. Jairo yenye afya huendelea kuzunguka kimya kwa dakika kadhaa baada ya injini kuzimwa. Yangu ilikoroma kama kinu chenye mchanga, ikasimama upesi. Beringi zimekwisha. Akachomoa filta ya hewa, akaiweka mkononi mwangu: nyeusi tii, imejaa vumbi la miaka. Hewa ile ndiyo iliyopita kwenye beringi muda wote huo, na filta ni kitu cha bei ndogo ambacho mtu yeyote aliyeingiza mkono nyuma ya dashibodi angekiona.

Kuna jambo lililoniuma zaidi ya fedha. Siku naileta niliwaandikia kwamba dira ya jairo, chombo cha mwelekeo chenye jairo yake, nayo inapotea digrii 12 ndani ya robo saa. Fundi wenu alinijibu kwa simu kuwa hilo ni la kawaida, kwamba dunia inazunguka na dira zote za jairo hupotea. Dunia inazunguka, ni kweli. Lakini upotevu unaotokana na mzunguko huo hufika digrii 15 kwa saa kule kwenye ncha za dunia, na hupungua kadiri unavyoisogelea ikweta. Hapa Tanga, digrii tano kusini, ni kama digrii moja na kidogo kwa saa nzima. Jairo mbili zinazovuta hewa ya filta moja zilikuwa zinalalamika kwa wakati mmoja, na mteja aliwaambia. Nilijibiwa kama mtoto.

Sisemi kifaa hiki ni kipya. Najua vipuri vyake ni vya kutafuta kwa tochi, na najua chumvi ya bahari yetu inavyokula konekta. Mngeniambia hamna uzoefu nacho, ningewashukuru na kuipeleka ndege kwingine. Nimeizima otopailoti, breka yake ya umeme imevutwa na kufungwa kibandiko, mpaka jairo zote mbili zitengenezwe.

Ninaomba mambo haya. Mnirudishie fedha za sevo na za ukarabati wa kompyuta, ambazo kwa ankara yenu ni shilingi 5,310,000. Gharama ya kufungua na kufunga nitaibeba mimi. Mnirudishie sevo yangu ya awali, ambayo hamkunipa na ambayo sasa naamini ilikuwa nzima. Msahihishe kwa maandishi yale mliyoandika kwenye daftari la ndege, mseme wazi kuwa mfumo haukujaribiwa angani, kwa sababu atakayeinunua ndege hii baada yangu atayasoma na kuyaamini kama nilivyoyaamini mimi.

Nasubiri majibu yenu ndani ya siku 14. Yasipofika, nitapeleka barua hii pamoja na nakala za kadi ya kazi, ankara na ripoti ya mhandisi kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Filta nimeihifadhi kwenye mfuko wa nailoni. Fundi wenu akitaka kuiona, aje Tanga, nitamwonyesha.

Wenu,

Mmiliki na rubani wa ndege