Majani ya Julai hupandwa Machi

Kamwene. Ikifika wiki ya pili ya Julai, hapa dukani kwetu Njombe tunajua kabisa nani ataingia na atauliza nini. Mama amejifunga kitenge juu ya koti, anasugua viganja, anauliza bei ya pumba. Ukimuuliza ng'ombe wake anatoa lita ngapi anakwambia, "Alikuwa anatoa kumi na mbili, sasa hivi hata sita hazifiki. Nipe mifuko miwili."

Pumba tunauza, kwa hiyo kumuuzia si tatizo. Tatizo ni kwamba pumba haitamrudishia zile lita sita. Ng'ombe wa kisasa mwenye kilo 400 anahitaji kama kilo 12 za chakula kikavu kwa siku (yaani uzito ukishatoa maji yaliyomo), na sehemu kubwa yake lazima iwe majani. Pumba na mashudu ya alizeti ni vya kuongezea. Ukimjazia pumba huku hori halina majani, tumbo linachachuka, kinyesi kinakuwa uji, na maziwa yenyewe yanakuwa mepesi.

Sasa majani yameenda wapi? Mvua zetu hukatika mwezi wa tano, na baridi inaingia papo hapo. Mwezi wa sita na wa saba kuna asubuhi unaamka unakuta barafu nyeupe juu ya majani, na jua likishapanda mabingobingo, zile nyasi ndefu za kulishia, yanalala, meusi, kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Bondeni ndiko yanakoungua zaidi, kwa sababu hewa ya baridi hushuka usiku na kutuama chini kama maji. Yanabaki mabua ya mahindi, ambayo ng'ombe anatafuna mchana kutwa na bado mbavu unazihesabu.

Jibu letu kwa miaka kadhaa sasa ni oti. Ndiyo, nafaka ile ile ya uji. (Mteja mmoja alituletea pakiti ya oti za dukani akiuliza kama zitaota. Zile zimeshapikwa kwa mvuke na kubanwa bapa, mzee, hazioti ng'o.) Oti inapenda ubaridi, na barafu nyepesi inayoua mabingobingo haiiui, ila inaipunguzia kasi ya kukua. Tunashauri uichanganye na vechi, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa na kupanda juu ya mabua ya oti. Oti inashibisha, vechi inaleta protini.

Kwa robo ekari tunakupimia kilo 8 za oti na kilo 2 za vechi. Usizidishe vechi ukidhani unampendelea ng'ombe: ikizidi sana inaiangusha oti yote chini, na ng'ombe akiishambulia mbichi na njaa anaweza kujaa gesi. Panda katikati ya Machi, mvua ikiwa bado ipo, kwenye mistari ya sentimita 20 hadi 25, mbegu zikae sentimita 3 au 4 chini. Samadi iliyooza vizuri inatosha kuanzia. Pale mahindi yako yanapochelewa kutoka shambani, tumia kipande cha viazi kilichovunwa mapema.

Kuhusu kukata, hapo ndipo wengi wanapoharibu, na sisi tuliharibu kabla yao. Mwaka wetu wa kwanza tulisubiri shamba liwe la njano, likapendeza hasa. Ng'ombe wakachambua masuke, wakatuachia mabua yote horini. Siku hizi tunapima kwa kidole: chuma punje, ibane kwa ukucha. Ikitoka maziwa meupe, ingia na mundu leo. Ikiwa ngumu kama unga uliokandwa, umechelewa kidogo, lakini bado kata. Ukipanda Machi, siku hiyo huangukia kati ya mwisho wa Mei na Juni, kutegemea baridi ya kwenu. Wa Makete wasishangae kuchelewa kuliko sisi.

Majani hayo yaanike mpaka bua likivunjwa linalia. Juni kuna ukungu na manyunyu, kwa hiyo usiyageuze kabla umande haujakauka, na jioni yakusanye ufunike. Kisha yafunge kwa boksi la mbao lisilo na kitako, sentimita 85 kwa 55 kwa 45: unatandika kamba, unajaza, unakanyaga, unafunga. Robota moja linakaribia kilo 20. Robo ekari iliyotunzwa vizuri inaweza kukupa marobota 25 hivi. Ukimpa ng'ombe mmoja kilo 5 kwa siku pamoja na mabua yaliyokatwakatwa na pumba kidogo, umemvusha siku 100. Wenye ng'ombe wawili wapande nusu ekari. Hapa hakuna ujanja.

Ukitaka kulisha mbichi, anza kidogo kidogo kwa wiki nzima, na mpe majani makavu kwanza asubuhi. Na kama umemwagia mbolea ya urea nyingi halafu barafu kali ikapiga, usikate siku hiyo wala kesho yake. Subiri wiki hivi, kwa sababu naitreti, kemikali ambayo mmea huinyonya kutoka kwenye udongo wenye mbolea, hujikusanya kwenye mabua na inaweza kumdhuru mnyama.

Umeshachelewa, unasoma haya Julai? Kama huna kinyungu, yaani bustani ya bondeni inayotunza unyevu kiangazi, hatukuuzii mbegu, utakuwa umezika hela kwenye vumbi. Mwenye kinyungu chenye unyevu anaweza kupanda sasa. Itakua taratibu, lakini atakata Oktoba, wakati ambao hata mabua yameisha na mvua ya Novemba bado.

Oda za mbegu tunaandika kuanzia Januari, na malipo ya nusu yanakubalika. Boksi la kufungia tunaazimisha bure kwa aliyenunua mbegu kwetu, siku mbili kila mtu, lirudi na mbao zake zote. Vechi huisha mapema kuliko oti, kwa hiyo anayetaka mchanganyiko apite kabla ya katikati ya Februari, aje na mfuko wake.