Tupime madini ya risasi kabla ya kulaumu damu

Mhariri,

Kila vijana wa mapanga wanapovamia watu Kisauni au Likoni, husikika barazani kwamba watoto hao "wamezaliwa na damu mbaya". Kauli hiyo inapotosha.

Ni kweli hasira ina makao mwilini. Ndani ya ubongo kuna kifundo chenye umbo la lozi, amigdala, kinachopiga king'ora mtu anapohisi kutishwa. Nyuma ya paji la uso iko sehemu inayopima matokeo na kumwambia "ngoja". Breki hiyo ndiyo huchelewa kukomaa, hadi miaka 25 hivi. Jeni zimo pia, lakini haziamui peke yake. Utafiti wa Dunedin, New Zealand, uliotolewa 2002, ulionyesha kuwa wanaume wenye aina dhaifu ya jeni ya MAOA, inayosaidia kuvunja kemikali za ubongo, walielekea zaidi kwenye ukatili pale tu walipoteswa utotoni.

Linalonisikitisha ni kwamba hapa petu kipo kinachoharibu breki yenyewe, nacho hakitajwi: madini ya risasi. Owino Uhuru, kijiji cha hapa Mombasa kilichochafuliwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, tuliyaona, hata mahakama mwaka 2020 ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Huko Cincinnati, Marekani, watoto walifuatiliwa tangu tumboni. Utafiti wa 2008 ukakuta waliokuwa na risasi nyingi damuni walikamatwa zaidi ukubwani kwa makosa ya kujeruhi watu. Sisemi kila mshika panga alilishwa risasi. Nasema hatujapima.

Betri ya gari ikipasuliwa uani, tindikali ikamwagwa na mabamba yake ya risasi yakayeyushwa kwenye sufuria, vumbi hubaki sakafuni na kwenye nguo za fundi. Mtoto anayetambaa hutia mkono mdomoni, na mwili wake hufyonza mara 4 hadi 5 ya mtu mzima. Risasi hujifanya kalsiamu, ikapenya ubongoni. Hana homa wala kikohozi. Mama haoni kitu mpaka shuleni aitwe mtukutu.

Kaunti iwapime watoto wa chini ya miaka 5 wanaoishi karibu na karakana za kupasua betri, siku za kliniki. Damu itolewe mshipani, maana ya kidoleni huchanganyika na vumbi la ngozi na kutoa majibu ya juu yasiyo ya kweli. Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kisakwe kuanzia mikrogramu 5 za risasi kwa desilita ya damu. Dawa ya kutoa risasi ni ya viwango vya juu sana, haiurudishi ubongo ulioharibika, na mtoto akirejea kwenye vumbi lilelile kiwango hupanda upya.

Kwa sasa nyumba ipigwe deki, isifagiliwe kavu. Nguo za karakana zifuliwe mbali na za watoto. Mtoto anawe kwa sabuni kabla ya kula, na apate dagaa, maharagwe na maziwa, kwani mwili uliopungukiwa madini ya chuma na kalsiamu hufyonza risasi zaidi.

Mwalimu wa baiolojia,
Changamwe, Mombasa