Nimebadilisha kompyuta ya lori, na lori bado linazima

Fundi mshauri, salaam.

Nina lori la mwaka 1999, injini ya dizeli ya silinda sita, umeme wa volti 24, nozeli za kupulizia dizeli ndani ya injini zinazofunguka kwa amri ya kompyuta. Naliendesha mwenyewe. Fundi wangu ni mjomba, mdogo wake mama, na nakuomba ulishike hilo tangu mwanzo, maana nusu ya tatizo langu limo humo.

Miezi mitatu iliyopita lori lilianza kuzima. Asubuhi linawaka kwa stata moja na mzigo linavuta vizuri. Baada ya dakika arobaini hivi, mara nyingi nikiwa napanda mlima, linakatika kama vile mtu amezungusha ufunguo. Halikohoi, halipungui nguvu kwanza. Kimya tu. Nikifunga swichi na kuifungua tena, ile taa ya injini kwenye dashibodi inayotakiwa kuwaka kidogo kabla hujapiga stata haiwaki kabisa. Stata inazungusha kwa nguvu zote, injini haishiki. Nikingoja dakika ishirini lipoe, taa inarudi na lori linawaka kana kwamba tulikuwa tunapumzika kwa hiari.

Tulianza pabaya, kama kila mtu. Tulibadilisha filta za dizeli, tukatafuta hewa kwenye mabomba, kisha mjomba akabadilisha sensa ya mzunguko wa kranki, ile inayoiambia kompyuta jinsi injini inavyozunguka, kwa sababu hiyo nayo hufa ikipata joto na kufufuka ikipoa. Haikusaidia. Baadaye nimekuja kuelezwa kwamba sensa hiyo ikifa injini huzima kweli, lakini taa ya dashibodi haiondoki nayo. Sikulijua hilo wakati ule, na mjomba kama alilijua hakulisema.

Tulipolikuta limezima tukachomeka mashine ya kupimia. Ikakataa kusoma chochote, kama vile injini haina kompyuta. Lilipopoa ikasoma kila kitu, na kosa lililoandikwa ndani lilikuwa moja tu: umeme wa kuingia kwenye kompyuta ulikatika. Nakuomba uyaweke akilini maneno hayo, maana mimi niliyasoma nikayapita.

Mjomba akafanya kipimo chake. Injini ikiwa inaunguruma akachukua bisibisi, akaligonga boksi la kompyuta kwa mpini. Pigo la kwanza, hakuna kitu. La pili, injini ikazima. Akanitazama kama daktari anayetoka chumba cha upasuaji. "Mpwa wangu, boksi limekufa. Lehemu zimepasuka ndani kwa joto na mtikisiko. Usikae na maiti, zika." Boksi lenyewe limefungwa ubavuni mwa injini, kwenye bamba linalopitisha dizeli ili kulipoza, na kwa robo karne limekuwa likitikiswa mchana na usiku. Nani angebisha?

Nikanunua la mtumba, lililofunguliwa kwenye lori jingine. Sitaitaja bei. Niseme tu kwamba matairi mawili niliyokuwa nimeyapangia yamebaki ndoto. Namba kwenye kibandiko chake zinafanana na za langu isipokuwa tarakimu mbili za mwisho, na muuzaji akaapa kwamba yanaingiliana. Plagi ziliingia kweli. Injini ikawaka papo hapo, na furaha yangu ilidumu labda robo saa. Likiwa limesimama linatetemeka kama mtu mwenye kiatu kimoja. Moshi umeongezeka. Spidomita inasema uongo, na mwendo unagota chini ya pale lori langu lilipokuwa likifika siku zote. Mjomba akasema litazoea.

Hapo ndipo nilipomwita fundi umeme mmoja, kijana ambaye angeweza kuwa mwanangu. Yeye akacheka neno hilo la kuzoea, ingawa kwa adabu, huku amegeukia upande mwingine. Alinieleza kwamba boksi la mtumba linakuja na kumbukumbu za nyumbani kwake: ukubwa wa matairi ya lori lile, meno ya difu yake (gia za ekseli ya nyuma), kikomo cha mwendo alichowekewa, na namba za nozeli zake. Kila nozeli imechongwa namba kiwandani kwa sababu hakuna mbili zinazotoa mafuta sawasawa kabisa, na kompyuta hutumia namba hizo kuzisawazisha. Kwa hiyo nozeli zangu zilikuwa zinalishwa kwa vipimo vya nozeli za mtu mwingine. Nikaelewa ule mtetemeko. Akasema hayo yote yanarekebishika, aidha kwa kuandika upya namba zangu au kwa kuhamisha kumbukumbu nzima kutoka boksi la zamani.

Kabla hatujaamua, siku ya tano, lori likazima. Mlimani, likiwa la moto, taa haiwaki. Boksi jingine, ugonjwa uleule.

Mjomba anasema la pili nalo lilikuwa bovu, kwani mtumba ni mtumba. Inawezekana. Kijana anasema, na namnukuu kama alivyosema: "Mzee, hakuna aliyekuonyesha bado kwamba boksi la kwanza limekufa." Nikamtajia bisibisi. Akaniuliza ukiligonga boksi ni kitu gani kinatikisika. Nikajibu boksi. Akasema, na plagi, na waya zote zinazoingia kwenye plagi, na kila pini iliyolegea humo. Nilikaa kimya. Kile kipimo kilikuwa kimeniridhisha miezi miwili.

Sasa kuna jambo ambalo sijamwambia mjomba, na kijana naye sijamwambia. Kama wiki mbili kabla lori halijazima kwa mara ya kwanza, kishikio cha tangi la upepo kilipasuka. Nilikichomelea mwenyewe, betri zikiwa bado zimeunganishwa, plagi za kompyuta zikiwa mahali pake, na kile kibano cha hasi cha mashine ya kuchomelea nikakibana kwenye chesi upande wa pili kwa sababu ndiko kulikokuwa na chuma kisafi. Mjomba alishanionya mara nyingi kwamba lori la kompyuta halichomelewi hivyo: unafungua betri, unachomoa plagi za boksi, na kibano unakiweka karibu kabisa na unapochoma. Nilikuwa na haraka. Lori likawaka vizuri baadaye, nikajipongeza, nikasahau.

Nilipoanza kukuandikia nilikuwa naamini nimeua boksi la kwanza kwa mkono wangu. Lakini boksi la pili halikuwamo kwenye lori siku ile, nalo limezima vilevile. Hivyo najiuliza kama umeme wa kuchomelea, katika kutafuta njia ya kurudi, ulipita kwenye waya za hasi za injini na kuunguza kiungo fulani kati yake. Kiungo ambacho kikiwa baridi kinashika, na kikipata joto kinaachia. Je, hiyo ni hadithi ninayojitungia ili nisiwe nimeua kitu, au jambo hilo hutokea?

Kijana alipima volti kwenye pini za kuingia umeme lori likiwa baridi. Mita ikasoma 24.8, safi kabisa. Yeye mwenyewe hakuridhika. Alisema mita haivuti umeme wowote wa maana, na waya uliobaki na nyuzi mbili utaionyesha volti zote, kisha utashindwa siku kompyuta itakapodai ampia za kufungulia nozeli. Akanifungia balbu tatu ndani ya kebini. Ya kwanza iko kati ya pini ya umeme ya boksi na hasi ya betri moja kwa moja. Ya pili iko kati ya chanya ya betri na pini ya hasi ya boksi. Ya tatu ni ndogo, iko kwenye ule waya wa swichi unaoiamsha kompyuta. Lori likizima, ninachotakiwa ni kutazama ipi imezimika pamoja nalo. Zikibaki zote zinawaka, huenda boksi ndilo lenye kosa na mjomba ameshinda. Waya alizichomeka kwa nyuma ya plagi, akakataa kata kata kutoboa mpira wa waya, akisema kila tundu ni mlango wa maji.

Nakuuliza, je, kipimo hiki kinaaminika? Balbu mbili za kwanza ni za wati 21, ambazo kwa volti 24 hazifiki hata ampia moja. Je, nitumie za taa kubwa, za wati 70, zivute karibu ampia tatu, au hapo nitakuwa nauongezea waya mgonjwa mzigo na kuharibu zaidi?

La pili ni kuhusu kumbukumbu. Kuna mtu wa kutengeneza maboksi aliye tayari kunakili kila kitu kutoka la zamani kwenda la mtumba, lakini anataka kulifungua la zamani, ambalo limejazwa utomvu mgumu juu ya lehemu zake. Akikosea, nabaki na la mtumba lisilolijua lori langu. Namba za nozeli naweza kuzisoma nikifungua kifuniko cha juu cha injini, ila sina hakika hizo peke yake zinatosha. Na zile tarakimu mbili zisizofanana kwenye kibandiko, je, zinaweza kumaanisha vifaa vya ndani ya boksi ni tofauti, si programu tu?

Kwa sasa nimerudisha boksi la zamani. Injini imetulia, mtetemeko umekwisha, spidomita inasema kweli. Leo ni siku ya sita naendesha nikiwa na balbu tatu zinanitazama kama macho ya mnyama mmoja wa ajabu, nimepanda mlima uleule mara nne, na lori halijazima hata mara moja. Hilo linanisumbua kuliko kuzima. Plagi zimechomolewa na kuchomekwa mara nyingi mno wiki hizi mbili. Je, kuchomoa na kuchomeka tu kunaweza kukwangua kutu ya pini na kuficha ugonjwa kwa muda?

Kuhusu mjomba sijui nikuulize nini hasa. Alinifundisha kushika spana. Kama ningemwambia habari ya kuchomelea, pengine angetafuta kwenye waya tangu siku ya kwanza, na matairi yangu yangekuwapo. Nikimwambia sasa, atajua kwamba nilimwacha agonge boksi kwa bisibisi nikiwa nimeficha. Mwishoni mwa mwezi anakuja kufunga boksi la tatu, ambalo ameshalitafuta na kwa furaha kubwa amenipigia simu kuniambia kwamba safari hii tarakimu zote zinafanana. Jibu lako likichelewa, nitamwambia nimepata mzigo wa mbali.

Ni mimi,
Mwenye Maboksi Mawili