Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Meli za Shehena Katika Vita vya Ziwani, 1914–1916

Wazee wetu, akina mama, ndugu wanachama, shikamooni na karibuni. Nawashukuru kwa kuitikia wito, na kwa namna ya pekee wale mliovuka maji kutoka Ukerewe na mliopanda kivuko cha Kamanga alfajiri ili kuwahi kikao.

Wenzetu waliotangulia mbele ya haki tumekwisha kuwaombea. Naongeza neno moja tu: wengi wao walikuwa watu wa chumba cha injini na watu wa gatini, na walichokijua hakikuandikwa popote. Jambo hilo ndilo lililoongoza kazi ya mwaka mzima.

Mkutano uliopita uliiagiza kamati iache kugusa kila meli iliyopata kuelea katika Ziwa Victoria, ichukue jambo moja na kulifuata mpaka mwisho. Tulichagua miaka ya 1914 hadi 1916, ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wakati meli za abiria na mizigo zilipogeuzwa kuwa meli za vita na za ugavi. Kiini cha uchunguzi kilikuwa meli ya Winifred.

Winifred iliundwa na kampuni ya Bow, McLachlan huko Paisley, Uskoti. Ilifunguliwa vipande vipande, ikavuka bahari mpaka Mombasa, ikapandishwa treni mpaka Kisumu, na huko ikaungwa upya na kushushwa majini mwaka 1902. Reli ilikuwa imefika Kisumu Desemba 1901. Bila reli hiyo, kuileta meli ziwani lilikuwa jambo la mateso. William Mackinnon, ndogo kuliko Winifred, ilishushwa mwaka 1900, lakini vipande vyake vilianza safari tangu miaka ya 1890, vingi vikiwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Baada ya Winifred ikaja pacha wake, Sybil, kisha Clement Hill na Nyanza mwaka 1907, na karibu na vita zikaongezeka Usoga na Rusinga.

Hapa naomba tutulie kidogo, maana vijana wengi hushangaa wakiambiwa. Kabla ya vita Mwanza na Bukoba zilikuwa chini ya Wajerumani, lakini ngozi, pamba na karanga za huku zilisafiri kwa meli za Waingereza mpaka Kisumu, kisha kwa treni mpaka Mombasa. Reli ya kutoka Tabora haikufika Mwanza mpaka mwaka 1928. Kwa hiyo hizi zilikuwa meli zilizozoeleka katika pwani hii, na makuli wetu walikuwa wamezipakia na kuzipakua kwa miaka. Agosti 1914 meli hizo hizo zikawa za adui, na Mwanza ikakatwa na njia yake kuu ya biashara kwa siku chache tu.

Upande wa Wajerumani ulikuwa na chombo kimoja cha maana, tagi, yaani meli ndogo ya kuvuta vyombo vingine, iliyoitwa Muansa, ikafungwa mzinga mdogo. Septemba 1914 Winifred ilitumwa Karungu, upande wa Kenya, ikiwa na askari. Ikaikuta Muansa huko, ikarudi nyuma kwa sababu haikuwa na silaha ya kuikabili. Ikaenda tena ikifuatana na Kavirondo, tagi ya Waingereza. Wanaohesabu mizinga watasema huo ulikuwa mchezo wa vyombo vidogo. Mimi naona funzo lingine: tagi moja yenye mzinga iliweza kuzuia chakula na askari wa upande mzima wa ziwa kwa sababu meli za shehena zilikuwa bado hazijapewa ulinzi.

Novemba mwaka huo Sybil ilipanda mwamba karibu na Majita, pwani ya Mara, ikaachwa pale. Haikupotea. Mwaka 1915 Waingereza walirudi, wakaichomoa na kuirudisha kazini. Fikirini maana yake: kuingia maji ya adui kwa ajili ya meli iliyotoboka. Hawakuwa na namna. Meli nyingine ilipaswa kuundwa Uskoti na kuungwa Kisumu, na vita haikusubiri. Wanachama wetu wa upande wa Musoma wamekubali kuanza kuwahoji wazee wa Majita, waone kama kuna familia zilizohifadhi masimulizi ya meli ile.

Juni 1915 ndipo meli hizi zilipofanya kazi kubwa kwa pamoja. Kikosi cha zaidi ya watu 1,500 chini ya Brigedia Jenerali Stewart kilipakiwa Kisumu katika Usoga, Rusinga, Nyanza, Winifred na vyombo vingine, kikavuka ziwa na kushuka karibu na Bukoba. Mapigano yalianza tarehe 22, mji ukashikwa tarehe 23, na mnara wa simu ya upepo ukabomolewa. Mji ukaporwa, kisha wakapanda tena meli na kuondoka. Vitabu hupenda kuieleza safari hiyo kwa ushujaa wa maofisa. Watu wa Bukoba walibaki na nyumba zilizovunjwa, na nasisitiza kwamba simulizi yoyote itakayotoka katika chama chetu lazima iwataje na wao.

Julai 1916 ikawa zamu yetu hapa Mwanza. Ukerewe ilikuwa imekwisha kuchukuliwa mwezi Juni. Jeshi la Brigedia Jenerali Crewe likateremshwa mashariki ya mji, na tarehe 14 Waingereza wakaingia Mwanza. Wajerumani walikwishaondoka kwa maji kuelekea kusini mwa ghuba, na Muansa wakaizamisha wenyewe. Baadaye Waingereza waliiibua.

Watu wengi husimamisha hadithi hapo. Kamati yenu inaamini kazi nzito ya Winifred na wenzake ndiyo iliyoanza siku hiyo. Jeshi la Crewe lilitakiwa kushuka mpaka Tabora, zaidi ya kilomita 300, bila treni. Unga, risasi, dawa, vyote vilipaswa kutoka Kisumu kwa meli, kushushwa Mwanza, kisha kubebwa na wapagazi kwa miguu katika nchi ambayo vita vilikuwa vimekwisha kula akiba yake ya chakula. Crewe alikwama njiani kwa uhaba wa ugavi, na Wabelgiji, washirika wa Waingereza, ndio walioingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Kwa hiyo anayetaka kujua kwa nini Tabora ilianguka mikononi mwa Wabelgiji na si mwa Waingereza, asianze na mizinga. Aanze na gati ya Mwanza: nini kilishushwa, kilikaa gatini kwa muda gani, na nani alikuwepo wa kukibeba.

Na huyo wa kukibeba ndiye aliyenifanya nirefushe taarifa hii. Boila zilikula kuni, na kuni zilikatwa na watu wa pwani hizi. Mizigo ilipakiwa na makuli wa pwani hizi. Maofisa wamehifadhiwa kwa majina, vyeo na nishani. Serahangi, yaani wasimamizi wa mabaharia, wachochea moto, wakata kuni na wapagazi mara nyingi wametajwa kwa idadi tu, au hawakutajwa. Hili linaniuma, nalisema wazi mbele yenu. Kamati inapendekeza chama kifungue daftari la majina: kila mwanachama mwenye babu au babu mkuu aliyefanya kazi melini, gatini au kwenye misafara ya mizigo katika miaka ile alete jina, kijiji alikotoka, na jinsi familia inavyolijua jambo hilo. Jina lenye shaka liandikwe pamoja na shaka yake.

Daftari lisiishie vita ile. MV Victoria ilianza kazi miaka ya 1960, MV Umoja imebeba mabehewa ya treni kutoka enzi hizo hizo, na Februari 2023 tuliishuhudia MV Mwanza, yenye urefu wa mita 92.6, ikishushwa majini hapa Mwanza Kusini kutoka kwenye chelezo chetu wenyewe. Mafundi walioiunga wako hai. Tusisubiri wawe wazee ndipo tuwaulize.

Mengine ni mafupi. Hesabu za fedha atazisoma mhazini, na nakala zimegawiwa mlangoni. Michango inakuja kwa kuchelewa, lakini inakuja, na nawashukuru. Picha za zamani mlizoazima kwa ajili ya maonyesho ya shule zote zimerudishwa. Nafasi mbili za wajumbe wa kamati ziko wazi, na naomba safari hii mtuchagulie angalau kijana mmoja anayeweza kurekodi sauti na kuihifadhi ipasavyo.

Pendekezo la daftari la majina linahitaji kura yenu leo. Likipita, katibu ataanza kupokea majina baada tu ya kikao, pale kwenye meza ya dirishani.